Kibao Kabla ya Ishara

Kibao kilitua shavuni kwa Mwanya, paa! Watu wote ukumbini mwa mazoezi wakageuka.

"Mkono umeteleza," alisema mchumba wake, ambaye kwenye tamthilia ya runinga waliyokuwa wakiifanyia mazoezi ndiye aliyeigiza mumewe. "Nisamehe, mpenzi."

Watu wakamwonea huruma aliyepiga. Makubwa! Lakini Mwanya alijua. Kibao cha runingani hupita shubiri moja mbele ya uso, na anayepigwa ndiye anayeongoza: hushusha bega kwanza kama ishara, ndipo mwenzake arushe mkono. Siku hiyo bega lake halikushuka. Alikuwa amecheka na mpiga kamera pale mlangoni, basi, na mchumba akaingia mazoezini amenuna. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili.

Jioni ujumbe wa mchumba ukaingia: "Bado umenikasirikia kwa jambo la bahati mbaya?"

Akajibu: "Sikukupa ishara."

Mchumba akapiga simu, akaapa viapo vyote anavyovijua. Shangazi aliyemlea Mwanya naye akamsihi asibomoe nyumba kabla haijajengwa. Kadi zimeshagawiwa, na mwanamume asiye na wivu hapendi. Jamani, huo wivu umefunika mengi. Mwanya alitaka kumwamini, maana alimpenda, tena sana.

Wiki iliyofuata wakarekodi. Sasa ilikuwa zamu ya mke kurudisha kibao. Mwanya akainua mkono, akasubiri bega la mchumba lishuke. Halikushuka. Wakarudia mara tatu, jasho linamtiririka mwanamume, macho yamemganda kwenye kiganja cha mwenzake.

"Unaogopa nini?" Mwanya aliuliza taratibu.

"Utanipiga kweli."

"Kwa nini nikupige, kama mkono wako uliteleza?"



"Haukuteleza," mchumba akasema hatimaye. "Nilikuona unacheka naye, nikakusudia. Nisamehe."

Moyo ulimuuma Mwanya hadi akatamani asingeuliza. Kisha akapiga moyo konde.

"Shusha bega."

Akalishusha. Mkono ukapita shubiri moja mbele ya uso, akapata upepo tu. Mwongozaji akaridhika.

Mchumba akamsogelea, machozi yanamlengalenga. "Kumbe umenisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hasira niliyokuwa nayo wiki hii inaizidi yako ya siku ile, na bado mkono wangu haukukugusa. Siwezi kuolewa na mtu ambaye mkono wake ulimshinda."

Akatoka hadi kwenye korido, akampigia shangazi na kumwomba awaarifu wageni kwamba harusi haipo. Shangazi akataka sababu. Mwanya akamweleza yote, na safari hii mama wa watu hakutaja wivu.

"Mwanangu," aliuliza tu, "shavu bado linauma?"

Hapo ndipo Mwanya alipolia.