Hita ya Cheryl na Jambo la Saba

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Kasoki alipofika nyumbani kutoka shuleni, kazi yake ya pili ilianza. Aliweka mkoba, akanawa mikono, akakaa mezani, na bibi yake, Koko Katungu, akamletea barua zilizofika siku hiyo.

"Soma, mwana wangu. Hawa watu wanasema nini leo?"

Kasoki alisoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha akaeleza kwa Kiswahili. Hii ya umeme, hii ya daktari, hii tangazo tu, itupe.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Katika nyumba yao ya Macquarie Fields, huko Australia, kila jambo la Kiingereza lilipita mdomoni mwake. Baba yake, Papa Kalume, alijua Kiingereza cha ghala alilofanyia kazi kule Ingleburn: inua, shusha, pakia, tazama nyuma. Mama yake alijua Kiingereza cha wazee aliowatunza. Maneno yakizidi hapo, aliitwa Kasoki. Duka la dawa, Kasoki. Simu ya daktari, Kasoki. Watu wa kanisani walimsifu mbele ya wazazi wake, naye alizipokea sifa hizo bila kuzikataa hata moja.

Lakini mkalimani huyu alikuwa na kasoro. Mtu akimpa gunia zima la maneno, yeye alifikisha kikombe. Siku moja, katika duka la dawa, Koko alimuuliza, "Yule bwana amesema maneno mengi hivyo. Wewe umesema mawili tu?"

"Koko, wanarudiarudia tu," Kasoki alijibu, na mambo yakaishia hapo.

Mwezi wa Julai ulipofika, shule zikafungwa kwa likizo ya majira ya baridi. Safari hii likizo ilikuwa na jambo kubwa. Koko Katungu alikuwa anakwenda Albury, mwendo wa saa sita kwa gari, kumwona mdogo wake Kavira. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na minne, tangu walipotenganishwa katika kambi ya wakimbizi. Kavira alikuwa amefika Australia mwezi mmoja tu uliopita, na nyumba aliyopewa ilijaa watoto na wajukuu hadi jikoni. Hapakuwa na pa kulaza wageni wanne.

Jirani yao Cheryl, mwanamke mstaafu aliyempenda sana Koko, ndiye aliyelitatua hilo. Aliwaazima gari lake la kulala. Lilikuwa gari lenye vitanda, jiko dogo, sinki, na hita ya dizeli, mashine ya kuleta joto, iliyofungwa chini ya kiti. Koko alilizunguka mara mbili, akaligonga ubavuni na kulibatiza jina: nyumba yenye magurudumu.

Jioni ya Alhamisi, kabla ya kuruka kwenda Perth kwa binti yake, Cheryl alileta funguo. Alisimama ndani ya gari na Kasoki na Papa Kalume, akaeleza mambo ya hita kwa vidole. Kimoja, viwili, vitatu. Alionyesha hapa, akagusa pale, akainama chini ya kiti, akaelekeza kidole mlangoni. Vidole vilifika saba.

Nje, rafiki yake Kasoki, Gloire, alikuwa anamsubiri na mpira wa netiboli. Alikwisha kuita mara mbili.

"Anasema nini?" Papa aliuliza.

"Anasema tuwashe hapa, tuzime hapa, na dizeli isipungue sana."

Papa alivitazama vile vidole vya Cheryl. "Vidole saba, mambo matatu?"

"Hayo ndiyo makubwa, Papa," Kasoki alisema, huku mguu mmoja tayari uko nje.

Jumamosi asubuhi walipakia. Kwa watu wa kwao, kwenda kwa ndugu mikono mitupu ni aibu inayosimuliwa hadi kwa wajukuu, sembuse ndugu ambaye hamjaonana miaka kumi na minne. Palikuwa na vitenge, samaki wakavu waliofungwa mara tatu ili wasinuke, na gunia la unga wa muhogo ambao Koko aliuchekecha mwenyewe. Gunia lilikuwa zito. Papa aliona nafasi nzuri tupu chini ya kiti, akalisukuma humo likakaa barabara. Kasoki alimshikia mlango.

Koko aliingia na koti lake refu, kofia ya sufu na mkoba mapajani. Alikuwa amevaa hivyo tangu kabla ya kifungua kinywa.

"Sasa tujaribu hita," Papa alisema. "Bila hita, hatutoki."

Hakuwa anatania. Mwezi wa Juni Koko alilazwa kwa nimonia, na daktari alisema wazi, kwa mdomo wa Kasoki mwenyewe, kwamba asilale penye baridi hata siku moja. Na usiku wa Albury mwezi Julai hugandisha maji ya ndoo.

Papa akabonyeza. Pampu ya dizeli ikaanza kugonga taratibu, ta, ta, ta. Feni ikavuma, joto likaja miguuni. Koko akatabasamu. Baada ya dakika tano taa nyekundu ikawaka, na hita ikanyamaza.

Papa akaiwasha tena. Dakika nne, taa nyekundu, kimya.

"Inaanza bien, vizuri kabisa, halafu inakufa," Papa alisema, akikunja mikono ya shati. Alikuwa mtu wa utaratibu. Ghalani alijifunza kwamba mashine hutafutwa ugonjwa hatua kwa hatua, si kwa kupigwa mateke. Alianza na betri, akaipima, ikawa na nguvu. Akatazama dizeli, tangi lilipita nusu. Akavua fyuzi, nzima. Akalala kwenye saruji ya baridi na tochi, akachungulia bomba la moshi, maana nyigu wa hapa hupenda kujenga kwa udongo ndani ya mabomba. Lilikuwa safi kabisa.

Aliinuka na mgongo umejaa vumbi. Ilikuwa karibu saa nne.

"Nimeshindwa," alisema polepole. "Labda nimeiharibu mali ya mama wa watu. Koko, utanisamehe. Utabaki na Kasoki, mimi na mama yake tutapeleka vitu. Utakwenda wakati wa joto."

Koko hakubisha. Alivua kofia yake ya sufu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkoba.

Kasoki alishindwa kuitazama ile kofia. Akilini alimwona Cheryl ameinama, kidole kinaelekea chini ya kiti, mahali palepale penye gunia. Alisema kitu pale. Kitu kuhusu hewa. Kasoki alikisikia, akakielewa, na akakiacha kwa sababu ya mpira.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Cheryl alikuwa Perth, na hita ya zamani ni hita ya zamani. Akisema, nani atamwita tena kusoma barua?

"Papa," alisema. "Si wewe uliyeharibu. Ni mimi."

"Wewe? Wewe hata hukuigusa."

"Cheryl alisema mambo saba. Mimi nilikwambia matatu. Nilikuwa na haraka, Gloire alikuwa ananingoja. Nilikata. Nisamehe, Papa. Koko, nisamehe." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Alisema hita inavuta hewa hapo chini ya kiti. Tusiweke kitu. Ikikosa hewa inapata joto kupita kiasi, halafu inajizima yenyewe ili isiungue."

Papa Kalume alimtazama. Kisha akapiga magoti, akalivuta gunia la muhogo likatoka. Nyuma yake palikuwa na wavu wa chuma wenye matundu madogo, umepakwa unga mweupe. Papa aliupangusa kwa brashi ya viatu, wakasubiri hita ipoe.

Akabonyeza. Ta, ta, ta. Feni ikavuma. Dakika tano zikapita. Kumi. Dakika ishirini zilipotimia, Koko alifungua vifungo vya koti kwa sababu ya joto, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani wa ng'ambo ya barabara.

"Haya, twende!" Papa alisema, akisugua viganja. "Mama yako anatoka kazini saa sita, tumchukue njiani."

Lakini Kasoki alikuwa amekaa ngazini anahesabu vidole. Kuwasha. Kuzima. Dizeli. Betri isishuke. Chini ya kiti pawe wazi. Bomba la moshi lisifukiwe na majani. Sita. Alirudia tena. Sita.

"Papa, bado. Limebaki moja. Sikumbuki la saba."

"Hita inafanya kazi, mwana wangu. Tumechelewa."

"Hapana, Papa. Tumpigie Cheryl. Perth sasa hivi ni asubuhi, atakuwa ameamka."

Papa alitaka kukataa, lakini aliyaona macho ya binti yake, akatoa simu. Cheryl alipokea, akacheka, akauliza hali ya Koko. Kasoki alimweleza yote, hata la gunia, hata la mpira. Kisha akauliza jambo la saba. Cheryl aliacha kucheka. Alizungumza kwa muda mrefu, na safari hii Kasoki alimsimamisha kila baada ya sentensi na kutafsiri mpaka mwisho, bila kumeza neno.

"Anasema chini ya mlango kuna tundu la hewa. Anasema lisizibwe kamwe, hata baridi iwe kali namna gani. Anasema hita au jiko likivuja moshi, kuna hewa ya sumu ndani yake. Haina harufu, haina rangi. Watu wanalala nayo na hawaamki. Tundu lile linaleta hewa safi. Anasema hilo ndilo kubwa kuliko yote. Na anasema, Papa, upanguse viatu kabla ya kuingia."

Hakuna aliyecheka. Wote waligeuka kumtazama Koko, kwa kuwa Koko alikuwa anautazama mlango. Aliinama taratibu, akaingiza vidole chini, akavuta kilemba chake cha bluu kutoka kwenye tundu.

"Upepo ulikuwa unanipiga miguuni," alisema kwa sauti ndogo. "Nililiziba asubuhi. Nilisema nitawakinga na baridi wote."

Papa Kalume alikaa ghafla kwenye kitanda. Alimvuta Kasoki akamkumbatia kwa nguvu. Kisha akasema, "Leo nimekuona, Kasoki. Wengi wanajua lugha mbili. Wachache wanaweza kusema 'ni mimi niliyekosa', na wachache zaidi wanaweza kurudi kuuliza wakati kila mtu anasema twende. Nina fahari na wewe."

Kasoki alifuta macho. Alikuwa amesifiwa mara nyingi maishani, lakini sifa hii hakuipokea harakaharaka. Aliiacha ikae.

Koko alivaa kofia yake ya sufu, akaivuta hadi masikioni, akamshika mjukuu wake mkono.

"Sikiliza, mwana wangu. Kwetu kulikuwa na daraja la mbao, na kila asubuhi mzee mmoja alilikagua. Nilimuuliza, mbona unahesabu mbao zilezile kila siku? Akasema, daraja likikosa ubao mmoja, anayetumbukia si daraja, ni mpitaji. Sisi tunapita juu ya ulimi wako. Peleka maneno yote, makubwa na madogo. Na ukiangusha moja, rudi uliokote, hata kama safari imechelewa."

"Ndiyo, Koko."

"Haya, niambie. Mangapi?"

"Saba," Kasoki alisema, na gari lilipoingia barabara kuu kuelekea kusini, alikuwa anamhesabia bibi yake moja baada ya jingine, kwa vidole, bila haraka.