Mstari Mmoja Juu ya Kosa

ALHAMISI, SAA KUMI ALASIRI

Chumba cha nyuma cha karakana ya majokofu kilinuka gesi na grisi. Shemeji alikunjua mchoro wa jengo juu ya jokofu lililolazwa chali, akabana pembe zake kwa bisibisi na kikombe cha chai. Wenzake watatu wakasogea. Hakuna aliyekaa.

Dili lilikuwa jepesi mno hadi likatia wasiwasi. Kesho, Ijumaa, Idara ya Upimaji wa Miamba ilikuwa inahamia jengo jipya. Malori yangepakia tangu asubuhi. Saa sita na nusu wapakiaji wangetoka kwenda kula, na mlinzi wa getini angebaki na redio yake. Ndipo wao wangeingia na lori dogo, makoti ya bluu na karatasi yenye mhuri. Wangebeba masanduku kumi na tisa kutoka chumba cha kumbukumbu, kisha waage vizuri kama watu wa kazi. Dakika ishirini na tano, basi.

Breki, dereva, akauliza kuna mzigo gani ndani ya hayo masanduku. Shemeji akamgeukia kijana aliyekuwa ukutani. "Mweleze, bwana mdogo."

Walimwita Fagio. Kazi yake pale idarani ilikuwa kusafisha, na alichosafisha ni takwimu. Aliwaeleza kwa kifupi. Zamani, kabla hajazaliwa, watu walitembea kando ya vijito wakichota mchanga kidogo kidogo, wakautia kwenye vimfuko na kuupeleka maabara ukapimwe madini. Zoezi hilo lilifanywa mara tatu, katika miongo mitatu, na kila safari walianza kuhesabu upya kutoka moja. Kwa hiyo sampuli namba 417 zilikuwa tatu, za vijito vitatu tofauti, na kila maabara iliandika majibu kwenye kadi, kwa vipimo vyake na mwandiko wake. Miaka miwili sasa Fagio alikuwa akizichambua, kuzipatanisha na kuzimwaga kwenye jedwali moja. Jedwali hilo lingeonyesha dhahabu ilikojificha. Mwisho wa mwezi lingetangazwa kwa watu wote.

"Kuna tajiri analitaka peke yake," Shemeji akamalizia. "Faili la jedwali analo bwana mdogo tu, tunampa. Kadi zenyewe tunachoma. Wengine wabaki vipofu."

Kitasa, fundi wa makufuli, aliuliza kuhusu mlango. Fagio akatoa ufunguo mfukoni. Aliuchonga kutokana na alama aliyoigandamiza kwenye mche wa sabuni, siku ambayo mtunza kumbukumbu alikwenda kunawa mikono akauacha ufunguo wake mezani mbele ya Fagio, kama mtu anavyouacha mbele ya mwanawe.

Mtunza kumbukumbu huyo aliitwa Mzee Kadi. Kitasa akataka kujua yeye atakuwa wapi. Fagio alijibu kwamba kila Ijumaa saa sita kamili mzee hutoka kwenda kliniki ya sukari na harudi tena. Ilikuwa kweli tupu, lakini aliisema kama mtu anayedanganya.

Shemeji akamshika bega. Alikuwa mume wa dada yake mkubwa. Fagio alihamia kwenye nyumba ile akiwa na miaka tisa, akalala kwenye kochi lake mpaka miguu ikapita mkono wa kochi. Shemeji hakuwahi kumsimanga hata siku moja. Alimtazama tu, na hilo lilitosha. Tena Fagio alikuwa na kinyongo chake mwenyewe: jedwali likiisha na kibarua kinaisha, na kwenye jalada la ripoti yalikuwepo majina ya wakubwa wanne, la kwake halipo. Kinyongo hicho alikuwa akikipasha moto kila asubuhi kama kiporo, maana alijua kikipoa hatakiweza.

"Hakuna mtu anayeumia," Shemeji akasema. "Karatasi hazina damu."

IJUMAA, SAA SITA NA DAKIKA THELATHINI NA TANO

Mlinzi aliutazama mhuri, hakuutazama uso wa mtu. Wakaingia.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa na mlango wa chuma uliofunguka kwa nje tu, wenye mpira pembezoni, kuzuia unyevu usile karatasi. Hakikuwa na dirisha. Feni ya kuvuta hewa iliwashwa kwa swichi ya nje, pembeni mwa ile ya taa. Fagio alizungusha ufunguo wake wa sabuni na kufuli likakubali bila ubishi. Akawasha zote mbili, taa na feni, kwa mazoea.

Kila sanduku lilikuwa na mwandiko wa Mzee Kadi. Fagio aliyanyooshea kidole: lile, lile, siyo hilo. Breki na Kitasa wakabeba.

Sanduku la nne alilijua kwa moyo. Mwaka wa kwanza alikuta humo namba nyingi zenye alama ya kutoa mbele yake. Akacheka. Mchanga hauwezi kuwa na dhahabu pungufu ya sifuri, akaona ni uchafu wa wapiga chapa, akazifagia alama zote, elfu mbili kwa asubuhi moja. Kumbe kwa maabara ile alama hiyo ilimaanisha "chini ya hapa": mashine ilitafuta, haikuona kitu. Bonde zima lisilo na chochote likawaka dhahabu kwenye ramani yake. Mzee Kadi ndiye aliyegundua. Hakumpelekea bosi habari. Alivuta kiti, wakakaa wiki tatu, kadi kwa kadi, wakazirudisha alama zote. Hakumgombeza. Alimpa agizo moja tu, lile ambalo mwenyewe alilifuata tangu enzi za kubeba mifuko begani.

"Usifute, mwanangu. Piga mstari mmoja, kosa lisomeke. Andika lililo sahihi juu yake. Weka jina lako na tarehe."

SAA SABA KASORO DAKIKA KUMI

Sanduku la kumi na tano lilikuwa mikononi mwa Breki pale Mzee Kadi alipotokea kwenye korido, mkongojo mkono wa kulia, mfuko wa plastiki mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mzee," Fagio akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hata kula hujaenda?" Akaeleza kwamba daktari wa kliniki hakuja, wagonjwa wamerudishwa. Akayaangalia makoti ya bluu, akaridhika. Alidhani ndio wapakiaji wenyewe, wamefunguliwa kwa ufunguo wa akiba.

Kilichofuata Fagio hakukisahau. Mzee aliegemeza mkongojo ukutani akaanza kuwasaidia. Alimwambia Breki asilipindue sanduku, kadi zitavurugika mpangilio. Alimwambia Kitasa apige magoti kwanza ndipo anyanyue, maana mgongo hauna spea. Kitasa alicheka kabla hajakumbuka yupo wapi. Kwa dakika tano Mzee Kadi aliwasimamia majambazi wamwibie vizuri, na akawashukuru.

Kisha akatoa daftari kwenye mfuko. Jalada lilikuwa limeliwa na mende. Lilikuwa la mwenzake waliyechota naye mchanga katika zoezi la pili, ambaye sasa ni marehemu. Mjane wake alilikuta chini ya sanduku la nguo. Ndani, kwa penseli, iliandikwa kila namba na kijito chake.

"Miaka miwili tumelitafuta hili," mzee alisema, akamwekea mikononi. "Leo jedwali lako limekamilika."

Alisema lako. Fagio alitamani sakafu impokee.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akamwomba mzee kwa adabu awaonyeshe sanduku moja lililobaki kule nyuma kabisa. Mzee akaingia. Mkongojo ukabaki ukutani. Shemeji hakumgusa. Alimtazama Fagio tu, kama alivyomtazama siku zote kwenye nyumba ile.

"Ametuona sura. Funga."

"Ulisema hakuna anayeumia."

"Nani kaumia? Tukifika mbali tunapiga simu, wanamfungulia. Ufunguo unao wewe, bwana mdogo."

Fagio akafunga. Mlango ule haukupiga kelele, ulikaa tu kwenye mpira wake. Shemeji alipitisha kiganja kwenye swichi zote mbili, kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Feni ikanyamaza.

SAA SABA NA NUSU

Lori lilishika barabara kuu. Mbele walikaa Breki, Fagio katikati, na Shemeji dirishani na simu zote kwenye mfuko mmoja miguuni pake. Kitasa alikuwa nyuma na masanduku. Daftari lilikuwa mapajani mwa Fagio.

Alimwambia Shemeji apige simu. Shemeji akasema wavuke daraja kwanza. Wakavuka. Akasema wapite kituo cha mafuta. Kituo kikapita.

"Piga, Shemeji."

"Akitoka ataongea. Na wa kwanza kumtaja ni wewe." Shemeji alitazama nje. "Leo wakikuta kumefungwa watajua yuko kliniki. Jumatatu watafungua wenyewe."

Lori liliyumba kidogo. Breki akasema, bila kugeuza shingo, kwamba yule mzee ana sukari. Shemeji akamwambia aendeshe.

Fagio alianza kupiga hesabu. Chumba hatua nne kwa tano. Mpira mlangoni. Mtu mmoja, mzee, hajala tangu asubuhi. Miaka miwili alikuwa bingwa wa kukadiria kisichoonekana kutokana na mchanga wa kiganja kimoja, na sasa hesabu ya pumzi za mtu mmoja ilimshinda. Hakuogopa jela. Aliona haya. Aliona haya kwa lile neno mwanangu, na kwa jinsi alivyoliitikia na ufunguo wa sabuni mfukoni. Akamfikiria dada yake, jinsi atakavyobaki bila mume na bila ndugu kwa siku moja. Akaona kwamba hata hilo halitoshi kumnyamazisha.

SAA NANE KASORO ROBO

Kizuizi cha polisi. Askari akaipokea karatasi, akausoma mhuri, akaulizia mzigo. Shemeji akamwambia ni takataka za serikali, zinahama ofisi moja kwenda kuozea nyingine. Askari akacheka na kumrudishia karatasi.

Fagio akainama mbele ya Shemeji mpaka dirishani.

"Afande, sisi ni wezi. Kuna mzee tumemfungia kwenye chumba cha kumbukumbu, Idara ya Miamba. Hana hewa. Piga simu sasa hivi."

Kiwiko cha Shemeji kilimvunja jino. Cha pili kilimpata jichoni. Askari akarudi nyuma na kukoki bunduki. Shemeji akamfokea Breki aondoe gari. Breki alikuwa ameshazima injini. Alichomoa ufunguo, akauweka taratibu juu ya dashibodi na kunyanyua mikono. Nyuma, Kitasa aliruka na kukimbilia shambani. Walimnasa kabla hajamaliza matuta kumi.

Walipomtia Shemeji pingu alimgeukia Fagio. Hakutukana. "Dada yako utamwambia wewe," akasema.

SAA KUMI NA MOJA JIONI

Walimkuta Mzee Kadi amelala kifudifudi, mdomo ameuweka kwenye upenyo mdogo chini ya mlango, pale mpira ulipochakaa, nguo zimelowa jasho. Alikuwa hai. Hospitali walimtundikia dripu, na ilipoisha aligoma kulala. Alitaka kuandikisha maelezo.

Sasa alikuwa ameketi kituoni, pamba mkononi palipochomwa sindano, ng'ambo ya meza ya mpelelezi. Fagio aliletwa na taulo mdomoni. Mzee hakumtazama.

Mpelelezi alikuwa ameshaandika maelezo yanayomhusu Fagio kwa kufuata ya mzee, imebaki sahihi tu. Akasoma kwa sauti. Kijana alikuwa kazini. Kijana alilazimishwa. Jambazi mmoja alimkaba shingo, na mlango ukafungwa na jambazi huyo. Mzee aliona kwa macho yake.

"Una bahati. Yale ya kizuizini tunahesabu ulichanganyikiwa," mpelelezi akasema. "Saini hapa, ulale nyumbani. Utaitwa kama shahidi."

Fagio aliichukua karatasi. Ilikuwa safi. Mzee Kadi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufuta hata nukta moja, alikuwa ameketi na sukari yake na kumfagia yeye mpaka akang'aa. Machozi yakamtoka Fagio, akayaacha yatoke.

Akaomba kalamu. Chini ya neno alilazimishwa aliweka ukingo wa kitambulisho chake cha kazi ili mstari unyooke, akapiga mstari mmoja katikati ya neno, mwembamba, ulioliacha likisomeka, kisha akayakata vivyo hivyo maneno ya jambazi na kabali yake. Juu yake akaandika: alifunga mlango mwenyewe, kwa ufunguo aliouchonga kwa siri. Akaandika jina lake kamili, lile ambalo kule karakanani hakuna aliyelitumia. Mpelelezi akamuuliza kama anaelewa anachokifanya. Akasema anaelewa.

Karatasi akaisukuma ng'ambo ya meza.

Mzee Kadi akavaa miwani. Alisoma mstari wa juu, akasoma na wa chini yake, uliokatwa. Kisha akairudisha karatasi, kidole kikiwa kwenye nafasi tupu pembeni ya jina.

"Tarehe, mwanangu," akasema. "Umesahau tarehe."