Akipewa Nyeusi, Anafuta

Mtaa wa Ritchie saa sita mchana ni fujo tupu. Waya zinaning'inia, pikipiki zinapiga honi, na jiji zima la Chennai linataka simu yake ipone leo leo. Mugilan, fundi simu mwenye mdomo usio na breki, aliinua kichwa akamwona dada kasimama mbele ya meza yake. Sari ya pamba rangi ya embe bichi, asmini kwenye nywele, na uso wa mtu asiyedanganyika.

"Kioo kimepasuka," dada akasema. "Na usiniambie na betri imekufa. Haijafa."

"Mbona sijasema kitu?"

"Ulikuwa unajiandaa."

Mugilan akacheka. Akabadilisha kioo, akawasha simu kuijaribu, ikafunguka gemu ya chesi. Juu ya ubao kuna jina: Kahawa Chungu. Akaigeuza simu kumwonyesha.

"Kahawa Chungu ni wewe? Ulinilia malkia mwezi uliopita! Siku nzima chakula hakikupita."

"Nawala wengi. Wewe yupi?"

"Radi ya Mylapore."

Dada akamkagua kuanzia kandambili mpaka nywele zilizosimama. "Radi," akasema, anauma mdomo asicheke. "Nilijua ni mzee mwenye kitambi."

Jina lake Tamarai. Alikuwa anafundisha watoto chesi kwenye ukumbi mdogo karibu na soko la maua. Wiki ile ile wakaanza kucheza kwa simu, kila siku saa kumi jioni. Gemu zikazaa meseji, meseji zikazaa simu, simu zikazaa "umekula?" na "usiendeshe pikipiki kama kichaa, nakuhitaji mzima."

Sasa, kwenye simu kwa kawaida rangi unagawiwa tu, kama kurusha sarafu. Mwenye nyeupe ndiye anayeanza. Na kabla hatua ya kwanza haijachezwa, yeyote anaweza kufuta gemu bila kupoteza hata pointi moja. Mugilan akipewa nyeusi, anafuta. Halafu anapiga simu.

"Mtandao, asali wangu. Tuanze upya."

"Fundi simu, mtandao unakukatikia kila siku?"

"Mganga hajigangi, mpenzi."

Wakaenda hivyo miezi minne. Mama yake Mugilan akakubali: Jumapili wangekwenda kwa kina Tamarai kumtazama binti kabla ya posa, kama desturi inavyotaka. Mugilan akawa anatembea hagusi chini.

Jumatano Tamarai akamletea wali wa ndimu kwenye kopo. Akamkuta kainama, anacheza na watu asiowajua. Akasimama nyuma yake kimya. Nyeusi, Mugilan akafuta. Nyeusi tena, akafuta. Ya tatu, akafuta. Simu yenyewe ikamchoka: umefuta mno, subiri dakika kumi.

"Mtandao?" sauti ikauliza nyuma ya sikio lake.

Mugilan akaruka. "Tamarai! Sikia kwanza. Sheria inaruhusu. Gemu haijaanza, nani kapoteza nini?"

"Mwenzako keshakaa. Kaacha chai yake, kajiweka tayari. Wewe unatazama umepewa nini, hujapenda, unapotea bila hata samahani."

"Ni gemu tu."

"Familia tatu zimekuja kunitazama, Mugilan. Tatu! Nimevaa hariri, nimekaanga bajia, nimewapikia kesari tamu kwa samli. Wamekula, wamenikagua, wamesema 'tutapiga simu.' Mpaka leo sijasikia. Nao sheria iliwaruhusu." Macho yakamlowa. "Na wewe miezi minne unaniambia mtandao."

Akabwaga kopo mezani, akaondoka.

Kesho yake Mugilan akamtumia mwaliko wa gemu, ule ambao rangi unaichagua wazi mwenzako akiona; nyeusi akajichagulia mwenyewe. Ubao ukafunguka. Akangoja moyo juu. Ubao ukapotea: gemu imefutwa. Akatuma tena, ikafutwa. Mara tisa! Ya kumi akapiga simu.

"Inauma?" Tamarai akauliza.

"Inauma. Nimekaa kama zuzu, wateja wananitukana."

Akawapa wateja mgongo.

"Niliogopa," Mugilan akasema. "Nikipewa nyeusi naanza nikiwa nyuma. Na mimi kila kitu nimeanza nyuma. Shule niliacha darasa la nane, wewe una digrii. Sikutaka unione nashindwa kila siku."

"Kwani nilikupendea chesi? Chesi yako mbovu hata ukiwa na nyeupe."

"Asante, mpenzi."

"Mpenzi wako nani? Jumapili njooni. Lakini mkituaga kwa 'tutapiga simu,' hiyo simu sipokei. Milele."

Shida ikawa mama yake Mugilan. Kwao upande wa kiume haujibu papo hapo. Mpaka mjomba wa Madurai aulizwe, mpaka nyota za wawili hao zilinganishwe.

"Ukifungua mdomo kule, nakufinya," mama akamwonya ndani ya bajaji.

Jumapili sebule ilinukia samli na asmini. Tamarai akatoka na sari ya hariri ya zambarau, trei ya kahawa mkononi. Uso umetulia, lakini bangili zinalia zenyewe. Hakumtazama Mugilan hata mara moja. Mama akanywa nusu, akasifu, akafuta mdomo, akakusanya pindo la sari yake.

"Haya basi, sisi tuta—"

"Namtaka," Mugilan akasema.

Akafinywa pajani. Akaendelea.

"Finya tu, Amma. Mjomba ataulizwa, nyota zitaangaliwa, sawa. Mimi nimeshaamua na sirudi nyuma. Aamue yeye, kwa muda wake. Na kama ni hapana, nitaisikia nikiwa nimekaa hapa."

Baba yake Tamarai akapaliwa na kahawa. Shangazi yake akashika kichwa. Desturi ilimtaka binti arudi ndani. Tamarai akavuta kigoda, akakaa mkabala na Mugilan.

"Muda wowote?"

"Wowote."

"Hata mwaka?"

"Hata mwaka."

"Mwongo. Wiki tu utakuwa umekonda." Akamgeukia mama mtu, sauti ikashuka. "Amma, mwanao nimemkubali, na maneno yake yote. Kahawa yako imepoa. Nikuletee nyingine?"

Mama, vidole bado vimeng'ang'ania paja la mwanawe, akaliachia taratibu. Akanyoosha kikombe.