Pole na Safari ya Dar

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba ya Kisiba, na Naseeb fundi alikuwa anasukuma baiskeli kupanda mlima, nyuma amefunga tenki la mafuta la pikipiki, mdomoni analaani milima yote ya Rungwe mmoja mmoja. Wengine balaa lao huanza kwa bundi kulia juu ya paa. Lake lilianza kwa tenki.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, mambo yote yalikuwa ruksa. Mitumba ilijaa soko la Tukuyu, pikipiki za Kijapani zilizokwisha kutumika zilishuka bandarini kila wiki, na kampuni moja ya sabuni ya Dar, ambayo jana hatukuijua, ikatangaza mbio za pikipiki za masafa: kutoka Tukuyu mpaka Dar es Salaam na kurudi, karibu kilomita elfu mbili, siku tatu. Kila kituo unagongewa muhuri kwenye kadi, unaendelea. Ukitaka kulala, lala, ni hiari yako, ila mwenzako hakungoji. Katika mbio za namna hiyo adui si mashimo wala malori. Adui ni usingizi.

Naseeb alikuwa na gereji nyuma ya soko. Babu yake alikuja Tukuyu kutoka Kilwa na cherehani, baba yake akarithi cherehani, yeye akaikimbia na kushika spana. Miezi miwili alikuwa anaiandaa Honda ya Asajile, kijana wa Kyimo. Alibadilisha sproketi na cheni, akafunga taa ya pili, akakijaza kiti sponji ya godoro. Lilibaki tenki kubwa, nalo alilipata kwa mzee mmoja wa Kisiba.

Siku moja wakiwa wamechuchumaa kando ya kabureta, Asajile alimwambia kwamba usingizi hautamsumbua, kama ambavyo haukumsumbua kwenye mbio nyingine za mwaka juzi. Alikwenda kwa mtu fulani Masukulu. Naseeb akamcheka, akamuuliza kama kuna dawa ya kuondoa usingizi.

"Hauondolewi, fundi," Asajile akajibu bila kucheka. "Unahamishwa. Mimi nimeambiwa kitu kimoja tu. Mtu akinipa pole, nisiipokee."

Unahamishiwa wapi? Hilo alisema halijui. Naseeb akapuuza, akaendelea kukaza nati. Vijana wana mambo mengi.

Basi tuirudie ile jioni ya tenki. Kwenye kona, juu ya jiwe kando ya njia, alikaa mtu. Alivaa koti zito la kaki, kifungo cha juu kimekatika, na mahali pake pamefungwa nati ya shaba kwa waya. Kichwa amekiinamisha kama aliyebeba gunia la viazi shingoni. Naseeb alipomkaribia alisikia harufu mbili. Petroli... na vumbi.

Vumbi, mwezi wa tano, Rungwe! Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, hata kwapa za mtu zilikuwa na ukungu.

"Pole na safari," mtu yule akanong'ona.

Naseeb akaitikia asante, akaendelea kusukuma.

"Pole na safari... ya Dar."

Hapo akasimama, akacheka. Alidhani ni mtani, amesikia habari za mbio. Na kwao Naseeb pole haiachwi ikaanguka chini. Bibi yake mzaa baba alimfinya masikio kwa jambo hilo: mtu akikupa pole unaipokea, hata kama hujachoka, maana ni heshima. Akaipokea.

"Asante, mzee. Nimeshapoa."

Mtu yule akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, ndefu mno, kama aliyetua mzigo wa mwaka mzima.

"Ndaga," akasema kwa Kinyakyusa. Asante. "Ndaga fijo." Asante sana.

Akainuka, akateremka mlima kwa hatua nyepesi. Naseeb akabaki anashangaa: anipe pole yeye, kisha anishukuru yeye? Alipogeuka kumtazama, njia ilikuwa tupu. Akaliangalia jiwe. Lilikuwa limelowa lote, hata pale mtu alipokuwa amekaa.

Akasukuma baiskeli haraka. Nyumbani hakumwambia mkewe kitu.

Kesho kutwa yake mbio zikaanza. Watu walijaa barabarani, pole na maandalizi zikimwagika kila upande, na Asajile akawa bubu. Mama yake mwenyewe, Mama Ambindwile, alimpa pole akiwa amemshika mkono, na kijana akatazama chini. Watu wakasema ameanza kiburi. Kisha akapiga kiki, akaondoka.

Naseeb alitundika ubao wa chaki mlangoni pa gereji ili kila Asajile akipiga simu kutoka kituoni aandike saa. Simu ilikuwa ng'ambo ya barabara, dukani kwa Saad, na ikilia Saad alimwita kwa mbinja. Mbeya. Makambako. Iringa. Watoto wa shule walisimama kusoma ubao, akina mama wa sokoni wakauliza namba tisa kafika wapi. Namba tisa, ndiye Asajile, alikuwa anaongoza.

Usiku ule Naseeb alilala mapema, na kulipokucha akaamka amechoka kuliko alivyolala. Mikono ilimtetemeka kwa ndani, mtetemo mwembamba usiokatika. Kiuno kilikuwa kama cha mtu aliyeshinda juu ya tandiko. Akasema ni uzee, akaenda kazini, akalala juu ya rundo la matairi.

Asubuhi ya pili hakuweza kukaa kitako. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, manne kila mkono, pale vidole vinapokunjika kushika usukani. Alipopenga kamasi, ilitoka na udongo mwekundu. Udongo wetu ni mweusi.

Mkewe, Shamimu, alimkalisha dirishani, akamsogelea, akachomoa kitu kwenye nyusi zake kwa ncha za kucha.

Mdudu. Amepondeka usoni mwake, kama wanavyopondeka kwenye kioo cha lori.

"Hukutoka kitandani," Shamimu akanong'ona. "Nilikuwa macho. Mikono yako ilikuwa inavuta klachi na mafuta mpaka alfajiri."

Walikwenda hospitali, malaria hakuna, akaambiwa apumzike. Apumzike! Kila alipofumba macho aliona mstari mweupe wa barabara, na alipofumbua alikuwa amechoka zaidi. Mchana huo Saad akapiga mbinja. Asajile alikuwa Morogoro, anarudi, sauti inacheka. Alisema hajapata nusu saa ya usingizi na wala hautaki, anajisikia kama mtu aliyetoka kuoga. Naseeb aliandika saa kwenye karatasi huku ameegemea kaunta asianguke. Hapo ndipo akili ilipomfungukia. Hauondolewi, unahamishwa.

Alimsimulia mkewe yote, tangu jiwe mpaka mdudu. Shamimu hakubishana. Alimwambia airudishe ile pole kwa njia ileile iliyojia, ampe pole mwenyewe kwenye simu.

"Yuko juu ya pikipiki, Shamimu. Akiipokea atasinzia hukohuko. Atakufa."

"Na wewe?"

Ndani watoto watatu walikuwa wanagombania uji. Naseeb aliamua kuvumilia. Usiku mmoja na nusu siku. Asajile akifika Tukuyu, akishuka, ampe pole yake ana kwa ana, kisha akalale kwa mama yake mpaka ashibe. Hilo lilikuwa jambo la haki, na alilitaka kwa moyo wote. Usiku ule alikojoa petroli, au harufu yake. Kulipokaribia kucha moyo wake ulikuwa unapiga kwa kukatakata, kama injini inayomaliza mafuta.

Saa nne asubuhi, mbinja. Shamimu na Saad walimvusha barabara wamemshika huku na huku.

"Fundi! Nipo Makambako. Wa pili yuko nyuma yangu saa tatu nzima. Fundi... mbona kimya? Upo?"

Alikuwa amejiapia kusema saa tu, na vituo tu. Lakini mtu anapokupigia kutoka njiani, Mswahili gani anaanza na saa? Mdomo una mazoea yake.

"Nipo," akasema. "Pole na safari."

"Asante, fundi. Nimeshapoa."

Kimya.

Wote wawili waliusikia kimya kile.

Kisha simu ikakatika. Na Naseeb akasimama wima. Kiuno kilinyooka, mikono ikatulia, malengelenge yakawa hayaumi. Angeweza kuibeba kaunta ya Saad na Saad mwenyewe juu yake. Akaanza kupiga kelele kwenye mkono wa simu uliokwisha kufa. Saad alipopata laini ya Makambako, waliambiwa namba tisa ameshaondoka.

Naseeb ameapa kwa Msahafu kwamba maneno yalimponyoka. Shamimu hajawahi kumuuliza tena. Yeye mwenyewe hujiuliza, kila siku.

Walimkuta Asajile baada ya Uyole, kwenye shamba la viazi. Honda imelala ubavu, injini bado inanguruma. Yeye ameweka kichwa juu ya tuta, hana hata mchubuko. Amelala. Walimwita, walimmwagia maji, wakamzaba makofi. Wakambeba mpaka Kyimo kwa mama yake, na hakuamka siku ile, wala ya pili, wala ya saba.

Siku ya tisa Naseeb alipata ujasiri wa kwenda. Ilikuwa mchana, mvua inanyonyota juu ya bati. Mama Ambindwile alimpokea mlangoni, mama mwembamba mwenye macho mekundu.

"Ugonile, baba," akamwamkia. Ndiyo salamu yao, umelalaje. Naseeb akaona aibu kuijibu.

Chumbani Asajile alikuwa amelala chali, mashavu yameingia ndani, mkono wa kulia unakunjuka na kukunjika juu ya blanketi, unavuta mafuta. Ukutani juu ya kitanda palikuwa na picha ya kijana mwingine, anacheka, amevaa koti zito la kaki. Kifungo cha juu hakipo. Mahali pake... nati ya shaba.

Naseeb akauliza huyo ni nani, ingawa alikwisha kulitambua lile koti.

"Ambindwile, mkubwa wake," mama akasema. "Mwaka juzi yeye ndiye aliyemwandalia mdogo wake pikipiki. Huyu alirudi na kikombe, yule hakuamka. Hakuumwa kitu, baba, alichoka tu. Tukamzika na koti lake hilohilo."

Kama Asajile alijua usingizi wake wa mwaka juzi ulihamia kwa nani, hilo Naseeb hakuwa na wa kumuuliza. Alikaa kwenye kigoda, akamweleza mama yule kila kitu. Jiwe, pole, malengelenge, simu. Hakuficha hata ile simu. Alimwambia jambo moja la kushika: mwanawe akisema neno humo usingizini, akimpa pole, asiipokee, auume ulimi wake. Mama alisikiliza huku anatandaza blanketi miguuni pa mwanawe. Hakulia. Hakumlaumu.

Halafu ule mkono uliokuwa unavuta mafuta ukatulia.

Midomo ya Asajile ikatikisika. Chumba kikajaa harufu. Petroli na vumbi.

"Pole... mama..."

Naseeb akainua mkono, akatikisa kichwa. Mama akamgeukia, akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni asiyejua mambo ya nyumba.

"Nimekusikia, baba," akanong'ona. "Mmoja nimeshazika."

Akainama mpaka sikioni kwa mwanawe.

"Ndaga, mwanangu. Nimeshapoa."

Asajile akafumbua macho. Akajinyoosha, mifupa ikalia, akaitazama dari, akamtazama fundi wake, na uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa.

"Nimekuwa wa ngapi?" akauliza.

Mama Ambindwile alikuwa anateremka taratibu, mgongo umeegemea ukuta, mpaka akakaa sakafuni. Alikuwa anatabasamu. Aliviweka viganja vyake juu ya kanga, vimeangalia juu, na Naseeb akayaona malengelenge yakivimba, manne kila mkono.

Mama hakufika mwezi wa nane. Asajile aliiuza Honda, akahama, na mtu wa Masukulu hakuna anayekubali kwamba amewahi kuwapo. Mbio zenyewe kampuni ilizihamishia mkoa mwingine.

Ila njia ya Kisiba ipo, na lile jiwe lipo. Wachuma chai wanaochelewa wanasema jua likizama huwa amekaa pale mama mwembamba, kichwa amekiinamisha, viganja vimeangalia juu. Wengine wameogopa wakakimbia. Hawakuhitaji kukimbia. Yule mama hamsemeshi mtu. Ukipita anakaza midomo pole isimponyoke, anageuza uso pembeni mpaka upotee kwenye kona.

Naseeb bado hupita huko na baiskeli yake akifuata vipuri. Akifika hushuka, husimama kidogo. Anataka kumwambia pole, hajui kama wafu huitikia kwa mazoea, wala hajui kitakachotokea wakiitikia. Basi huivua kofia, hulimeza neno lake, na kusukuma baiskeli.