Bomba la Mvua la Bi Amne

Kazi niliyoitiwa ilikuwa ya robo saa tu. Kutazama, kupima, kisha kusema linafaa au halifai.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mwaka 1949, jua linazama. Bi Amne, mjane wa mtaa wa Ng'ambo, alitaka kujua kama inafaa kufunga bomba la mvua bafuni kwake. Lilikuwa sahani ya shaba, pana kama ungo mdogo, yenye matundu mengi, aliyoletewa na marehemu mumewe kutoka Dar es Salaam. Niliendesha baiskeli kutoka Cheyo, mtaa wetu, nikijichekea kwa uchungu. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne uliopita. Watu wanalala kisimani wakingoja zamu, na mama mzima anauliza habari za kuoga kwa manyunyu!

Wala sikuwa na moyo wa kazi. Nyumbani mwanangu Doto alikuwa anakauka.

Sisemi alikuwa anaumwa. Nasema alikuwa anakauka. Mtoto wa miezi saba, midomo imepasuka, analia bila machozi. Anakunywa, na nguo zake hazilowani hata tone. Daktari alimpa dawa zote alizokuwa nazo. Mke wangu Flavia ndiye aliyenionyesha jambo la ajabu zaidi: ukimwogesha Doto kwa kopo moja la maji, ndani ya beseni unakuta nusu kopo. Mimi fundi nikasema beseni linavuja. Nikaliziba kwa risasi ya kuchomelea. Maji yakaendelea kupungua vile vile.

Doto alizaliwa pacha. Mwenzake, Kulwa, ndiye aliyetangulia kutoka, yule wa vidole sita mguu wa kushoto. Kulwa alifariki mwezi wa kumi. Siku ile ile mama mkwe wangu, Ng'washi, alinivuta pembeni.

"Mkwe wangu, pacha akifa haliliwi machozi. Anatiwa kwenye chungu, anazikwa penye unyevu, kando ya mto. Ukimweka pakavu atashikwa na kiu. Na mvua ni yake yeye."

Nilimjibu kwa kiburi cha mtu mwenye cheti cha ubatizo na cheti cha ufundi. Nikasema mwanangu hazikwi chunguni kama mboga. Nikamchongea jeneza la mninga na msalaba mrefu kuliko mimi, nikamzika kwenye makaburi ya mlimani, juu ya nyumba yetu, udongo mkavu kama unga. Na nikalia mbele za watu mpaka sauti ikanikauka. Asiyesikia la mkuu... malizia mwenyewe.

Bi Amne nilimkuta barazani, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, Bi Amne."

"Marahaba, fundi. Mtoto hajambo?"

"Tunamwomba Mungu, mama."

Aliniongoza hadi bafuni na taa ya chemli. Njiani akasema kwa sauti ya chini, "Sanduku la hilo bomba lilikuwa kavu miaka mitatu. Tangu mwezi wa kumi, kila nikilifungua nakuta nyasi lililofungwa nazo zimelowa. Basi kama linafaa, lifunge. Kama halifai, liondoke nyumbani kwangu."

Mwezi wa kumi. Nilisikia, nikajifanya sikusikia.

Nilipanda nikachungulia tangi. Maji yalikuwa shubiri moja, hayafiki hata kwenye tundu la kutokea. Bomba la namna ile linataka tangi lililojaa, tena lililo juu sana, la sivyo ni pambo. Hata hivyo nililifunga ili Bi Amne aone kwa macho yake. Nikazungushia nyuzi za katani lisivuje, nikakaza kwa spana, nikafungua koki.

Likatoka vumbi. Likatoka na nyigu mkavu.

"Halifai, Bi Amne. Hakuna..."

Sikumaliza. Harufu ilinijaa puani. Harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo wenye joto, ile tuliyoililia miezi yote. Nikatazama dirishani. Mbingu nyeupe, hakuna wingu.

Kisha sauti, juu yangu, ndani ya matundu ya shaba.

Mchu... mchu... mchu...

Kila mzazi anaijua. Ni sauti ya mtoto mchanga anyonyaye ziwa lililokauka.

Bi Amne aliinua taa. Chini, juu ya saruji kavu, palikuwa na nyayo mbili za maji. Ndogo. Mbichi. Nyayo za mtoto ambaye hakuwahi kusimama maishani mwake. Nilihesabu vidole vya mguu wa kushoto.

Sita.

"Ni wa kwako?" Bi Amne alinong'ona.

"Ni wangu."

"Anataka nini?"

Mchu... mchu...

"Ana kiu," nikasema, na machozi yakanitoka.

Yule mama hakuniuliza zaidi. Mungu amlipe. "Lifungue, uende nalo. Chukua na maji ya tangini. Sisi tutaamkia kisimani."

Yalijaza debe moja, debe langu la kazi, lenye koki chini niliyoichomelea mwenyewe. Nikalifunga nyuma ya baiskeli, bomba likaning'inia kwenye usukani. Njia nzima nilijiuliza swali moja tu: inafaa? Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nafia ukavu.

Njia ya makaburini inapita mlangoni kwangu. Flavia alikuwa amesimama kizingitini, Doto amemlalia begani, mikono inaning'inia.

"Baba Doto! Umepata maji!"

"Si yetu."

"Ya nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Ya Kulwa."

Alinitazama kama hanijui. Kisha akapiga magoti mbele ya gurudumu, akamgeuza Doto anione. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Ulimi mweupe. Alifumbua kinywa kulia, hapakutoka kitu.

"Kulwa amekufa, mume wangu. Aliye hai ni huyu. Nakuomba. Kopo moja."

"Tumempa makopo mangapi, Flavia? Yanakwenda wapi?"

Beseni aliliona yeye kwanza. Ng'washi akatoka ndani, akamshika binti yake mabega. "Mwache apite," akasema.

Nikapita. Nilimnyima maji mtoto aliye hai nikampelekea aliyekufa. Sina maneno mazuri ya kulifunika hilo.

Kaburini nilifunga bomba kwenye mkono wa msalaba, sahani ikatazama chini. Nikaliunga na koki ya debe kwa mpira wa maji. Lakini debe lilihitaji kukaa juu, na mlima ule hauna hata mti. Basi nikajitwika kichwani, nikasimama kwenye ncha za vidole. Mimi mwenyewe nikawa mnara wa tangi.

Nikafungua koki.

Maji yalishuka kwa manyunyu mazuri, kamili. Yakagusa udongo, na udongo haukulowa. Hata kidogo. Yalikuwa yanachukuliwa.

Mchu. Mchu. Mchu.

Debe likawa jepesi kichwani. Nusu... robo... Sauti ikapungua mwendo, kama mtoto anayeshikwa na usingizi ziwani. Tone la mwisho lilipodondoka, lilibaki juu ya udongo. Likang'aa. Akacheua. Naapa nilimsikia akicheua.

Ndipo Ng'washi akapiga kelele kutoka bondeni, sauti ya bibi kizee ikapasuka kwa furaha:

"Amekojoa! Doto amekojoa!"

Nilikaa chini nikalia tena, na mara hii sikujali kama pacha haliliwi. Kabla sijafuta uso, ngurumo ya kwanza ililia upande wa Sikonge.

Mvua ilinyesha siku tatu. Ilipokatika nilikwenda na Ng'washi, chungu mkononi, tumhamishie mtoto mtoni kama ilivyopaswa tangu mwanzo. Nilichimba mpaka nikapita kina nilichochimba mwezi wa kumi. Nikaongeza futi mbili. Udongo chini ulikuwa mkavu kabisa.

Jeneza halikuwemo.

Ng'washi aliketi ukingoni, akakipakata kile chungu kitupu. "Umechelewa, mkwe wangu. Umeshamzoeza kunywa kwa mkono wako. Atakungoja wewe."

Na amenisubiri. Kila mwaka mvua inapochelewa, midomo ya Doto hupasuka, nami hupanda mlimani na debe. Bomba bado liko pale msalabani. Bi Amne aliponiuliza kama lilifaa, nilimwambia sijui, nikaondoka haraka.

Sasa ni 1956. Tuko mwezi wa kumi na mbili na hakuna wingu. Shingo yangu imekwisha. Mwezi uliopita nilianguka kutoka paa la watu, na sasa siwezi kujitwika hata kikapu. Nilikuwa nimekaa kizingitini jioni hii, nikiwaza nani nimwombe, nani ataniamini, Doto alipotoka ndani. Ana miaka minane. Midomo imepasuka. Kichwani ameweka kata ya khanga ya mama yake, na juu ya kata, debe langu la kazi, limejaa hadi ukingoni. Halikumwagika hata tone.

"Baba, wewe pumzika," akasema. "Kulwa anasema mwaka huu nipeleke mimi. Anasema nije peke yangu."