Kabati Lisilo na Tundu

Kabati lilikuwa zuri, hilo hakuna ambaye angebisha. Mbao zilikaa, milango ilikutana sawasawa, na mke wa seremala, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga vanishi kila kitu kilichotoka mikononi mwa mumewe, alilizunguka akilipapasa kwa kiganja kama kawaida yake. Alipofika mgongoni akasimama. Tundu halikuwepo.

Kila kabati alilotengeneza mumewe lilikuwa na tundu moja nyuma, la kupitisha kidole, kimo cha uso wa mtoto. Wateja walishalizoea. Wengine walidhani ni la waya, wengine walisema ni la kutoa unyevu, na mwenyewe akiulizwa alicheka tu na kusema kabati nalo linahitaji kupumua. Mkewe alikuwa akipaka vanishi pembezoni mwa matundu hayo tangu ndoa yao ikiwa changa, na hakuwahi kudadisi.

"Baba Chiriku," aliita, "umesahau tundu."

"Sijasahau," mumewe akajibu kutoka mlangoni, bila kugeuka. "Hili halihitaji."

Akatoka zake, raba nyekundu miguuni.

Raba hizo zilikuwa gumzo la mtaa mzima. Seremala alikuwa anakaribia miaka hamsini, mtu mzima mwenye heshima zake, mpole mpaka wateja wakamwonea. Halafu ghafla akapaka ndevu rangi nyeusi tii, akaanza kuvaa suruali za kumbana, akawa anacheza gololi na watoto wa jirani na kununa akishindwa. Kazi za watu zikalala karakana. Ukimwambia neno dogo, anabamiza mlango na kwenda kujifungia. Majirani walikuwa na jibu lao tayari.

"Ana mwanamke huyo, dada," mmoja alimwambia mke kwenye foleni ya maji, kwa sauti ya huruma iliyojaa utamu. "Wote wakifika umri huo wanachanganyikiwa. Wako tu amezidi."

Mke alitabasamu kwa adabu, lakini moyoni aliwaka. Ujana wake wote umeishia kwenye vanishi na vumbi la mbao, halafu leo aje mtu avune? Akala kiapo kwamba siku atakayomkamata huyo mwanamke, atamfanya asahau hata jina lake.

Siku yenyewe haikukawia. Asubuhi moja, maji ya chai yakiwa jikoni na mtoto wao wa mwisho, Chiriku, bado amelala, alisikia kicheko uani. Karakana ilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni. Sauti moja ilikuwa ya mumewe. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya kunong'ona, kama ya mtu anayeogopa kusikika. Mke akachukua mwiko, akavuka ua, akafuata sauti hizo hadi kwenye lile kabati jipya, akauvuta mlango kwa nguvu zake zote.

Mumewe alikuwa ameketi humo peke yake, magoti yamegusa kidevu. Harufu ikampiga usoni, harufu ya godoro lililokojolewa na dawa ya nondo, ndani ya kabati ambalo halijawahi kuwekwa hata kitambaa.

"Funga," mumewe akanong'ona. "Mwanga unamuumiza."

"Unamuumiza nani?"

Kilichomjibu kilikuwa nyuma ya mgongo wa mumewe, kwenye ubao, pale ambapo hapakuwa na nafasi hata ya paka. Kiligonga mara tatu, pole pole, kikangoja.

Mwiko ukamdondoka. Alikimbilia kwa mtu pekee aliyemkimbilia kila mambo yalipomzidi, yaani baba mkwe.

Mzee huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na jina la Mwalimu Mkuu lilimganda hata baada ya kuhamia nyumbani kwa mwanawe na redio yake, koti lake la sufi na kabati lake kubwa jeusi la zamani, ambalo ilibidi waondoe fremu ya mlango ili lipite. Mke alimpenda kuliko alivyompenda baba yake mzazi. Aliolewa hajui kusoma, na mzee huyu ndiye aliyemfundisha, jioni baada ya jioni, mezani hapo hapo, bila kumcheka hata siku moja. Mtu wa namna hiyo ukisikia anasemwa vibaya, unaweza kupigana.

"Ni umri tu, mwanangu," mzee alisema alipomaliza kumsikiliza. "Tangu mdogo ni mtu wa woga woga."

"Baba, yumo kabatini. Anaongea na kitu."

Kikombe cha mzee kikasimama njiani kuelekea mdomoni. Kilisimama kidogo tu, kisha kikaendelea na safari yake.

"Ongeza sukari," akasema.

Kuanzia hapo asubuhi ziligeuka kuwa saa za hofu. Watu wengine huogopa giza, lakini nyumba hii ilianza kuogopa kunapokucha, kwa sababu kila birika lilipoanza kuimba na mwanga kuingia dirishani ndipo kule kugonga kulipoanza, tat, tat, tat, kisha kimya cha kungoja, mara ukutani, mara chini ya meza, mara ndani ya droo ya vijiko, na ile harufu ya mkojo na dawa ya nondo ikatambaa kutoka chumba hadi chumba mpaka ikafika kitandani kwa Chiriku, mtoto aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo, ambaye sasa alikuwa anaamka ameloa na hasemi kitu.

Mke akapiga moyo konde, akamwita Mkunga.

Mkunga alikuwa mama mnene mwenye mikono mikubwa, ambaye nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake. Majini pia alikuwa akiyatoa. Alisema kazi ni ile ile, kote unamshika mtu mkono na kumwambia asukume. Hakuja na kitu zaidi ya kigoda chake. Alikiweka mbele ya kabati jipya, ambamo seremala alikuwa amejikunyata kwa mkao wake ule ule, akagonga mara tatu, akangoja. Akajibiwa.

"Wewe ni nani?" Mkunga aliuliza.

Midomo ya seremala ilisogea, lakini sauti ilikuwa ile nyembamba. "Mimi ni wa kwenye giza. Nilikuwa humo kabla yake."

"Humo wapi?"

"Kwenye kabati la mzee. Huyu alikuwa na miaka saba. Kila alipokojoa kitandani, mzee alimfungia asubuhi, akatia ufunguo kwenye koti, akanywa chai. Alikuwa anagonga mara tatu na kungoja, kwa sababu alifundishwa kubisha hodi kwa adabu. Siku moja hakuna aliyekuja, pumzi zikamwishia. Nikampa zangu."

Mke akayakumbuka makabati yote yale, matundu yote yale aliyokuwa akiyapaka vanishi kwa brashi ndogo.

"Unataka nini?" Mkunga aliuliza.

"Aliniahidi. Alisema, nikikua tutamfungia mzee na yeye. Nilingoja akue. Akakua, akasahau, nikamwacha na amani yake. Lakini mzee amemwambia huyu mtoto wa kike maneno yale yale aliyotuambia sisi. Akamwambia huku anacheka, mkojozi dawa yake kabati. Baba yake alisikia, akainamisha kichwa kama zamani. Basi nimekuja kumchukua yule mtoto wa miaka saba aliyeahidi, maana huyu mkubwa hana ubavu."

Mkunga aliinuka, akaingia sebuleni alikokaa mzee na redio yake.

"Mwalimu, kumtoa ni rahisi," alimwambia kwa heshima. "Sema ulichokifanya. Kwa mdomo wako, mwanao akisikia."

Mke alimwangalia mzee akisubiri. Aliomba, kwa kweli aliomba, aseme neno moja tu ili aendelee kumpenda.

Mzee akapunguza sauti ya redio. "Nilikuwa nalea," alisema. "Na ameleleka. Tena nikirudishwa nyuma, nitalea vile vile."

Mkunga akabeba kigoda chake. Mlangoni alimshika mke mkono. "Aliyealikwa simfukuzi mimi," akanong'ona. "Mtoto wako asibaki na mzee huyu."

Mke alisikia. Lakini kesho yake birika lilipoanza kuimba, mumewe hakuwepo kitandani, akatoka mbio kumtafuta karakana, dakika ya kwenda na kurudi. Karakana ilikuwa tupu. Hata kabati jipya halikuwepo.

Akarudi ndani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kikombe mkononi, redio ikisoma habari. Na chumbani kwake, kutoka kwenye lile kabati kubwa jeusi, kulikuwa kunagongwa, mara tatu, kwa adabu, kisha kungoja.

Kitanda cha Chiriku kilikuwa kimeloa na hakikuwa na mtu.

"Muda mfupi tu, mwanangu," mzee alisema kwa upole ule ule aliofundishia herufi. "Wataacha wenyewe. Huwa wanaacha."

Mke alitia mkono kwenye mfuko wa koti la sufi, akachukua ufunguo huku mzee akimtazama, akaenda akafungua. Mtoto alitoka mwenyewe, mkavu wa macho, akamshika mama yake nguo.

"Mama, kuna mtoto humo," alisema. "Amenipa pumzi zake. Amesema sasa zamu ya babu."

Wakati huo huo mlango wa sebule ukafunguka, na seremala akaingia akisukuma kabati jipya kwa kidole kimoja, kabati ambalo hata wanaume wanne wangelibeba kwa kupumzika, na raba nyekundu hazikuwa na mlio sakafuni, na ndevu nyeusi zilikuwa zimeloa machozi, na alipolisimamisha mbele ya kiti cha baba yake milango ikafunguka yenyewe, ikatoka ile harufu, na kutoka ndani, si mdomoni mwa mtu yeyote, sauti ya mzee mwenyewe, ya ujana wake, kavu na yenye mamlaka, ikasema, "Ingia."

Mzee ambaye kwa miaka miwili hakuinuka bila kushikilia kiti akainuka. Akaenda, mikono imenyooka ubavuni, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Milango ikajifunga, na seremala akaanguka chini kama gunia.

Vishindo vilianza. Vilikuwa vya ngumi, vya kiatu, vya bega. Milango haikuwa na kufuli, na haikutikisika.

Mke alimkalisha mtoto mezani. Akammiminia chai, akaipuliza mpaka ikapoa, akamkatia mkate. Hakuwa na haraka yoyote, na nitasema kweli, alikuwa anafurahia. Vishindo vikapungua. Vikawa tat, tat, tat, na kungoja. Hapo ndipo alipokwenda karakana, akachukua keekee, ile ya kuzungusha kwa mkono, akaiweka mgongoni mwa kabati, kimo cha uso wa mtoto, akazungusha mpaka vumbi la mbao likamwagika miguuni pake.

"Piga magoti, baba," alisema. "Huko juu hakuna hewa."

Akasikia magoti ya kizee yakishuka. Mdomo ukafika tunduni, ukihema.

"Sasa sema."

"Mwanangu, nifungulie."

Akaziba tundu kwa kidole gumba. Akahesabu moyoni taratibu, akaachia.

"Nilimfungia," mdomo ulisema. "Nilimfungia."

"Na nini kingine?"

"Nilisikia akigonga. Nilikuwa nasikia. Niliongeza sauti ya redio."

Sakafuni seremala alilia kwa sauti nzito, sauti yake mwenyewe, na milango ikafunguka.

Tangu siku hiyo ndevu za seremala ziliachwa ziote mvi zao, raba akapewa kijana wa jirani, kazi za wateja zikaisha moja baada ya nyingine. Makabati yake hayana tundu tena. Mzee haongei. Kila asubuhi anagonga meza mara tatu na kungoja, na mkwewe humpa chai, mara nyingine mapema, mara nyingine akijisikia.

Mkunga aliulizwa kama kazi imekwisha, akasema mume amepona.

Juzi Chiriku alimwaga kopo zima la vanishi kwenye meza ya mteja. Mama yake alikuwa amechoka, na maneno yakamtoka kabla hajayapima: "Wewe mtoto, leo nitaku—" na mkono ukawa umeshapanda.

Nyuma yake, ndani ya kabati jingine jipya ambalo vanishi yake haijakauka, kitu kiligonga mara tatu, kikangoja.

Mkono ulishuka. Mke wa seremala aliupangusa kwenye nguo yake.

"Nimesikia," akasema.