Walinisomea Hitima Nikiwa Hai

Nina miaka ishirini na tisa, ni fundi cherehani, ninaishi Kibaha kwenye kituo cha hisani kinacholea na kufundisha watu wenye ulemavu. Nakula, nacheka, nagombana na wateja. Lakini kwa baba yangu mzazi, kule Kisarawe, mimi ni marehemu!

Msishangae. Kaeni niwasimulie, na mkiona nafoka mnivumilie...

Nilizaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Baba aliona aibu, akanifungia ndani mpaka nikawa msichana mkubwa. Nilipoletwa kituoni, mifupa ilishakomaa. Walinipa magongo, wakanifundisha kushona, wakanifundisha na kumtazama mtu machoni. Nawashukuru mpaka leo. Ila watu wa nyumbani hawakuja tena kuniona. Nikajifariji kwamba nauli imewashinda. Mjinga mimi!

Mwaka jana, siku ya kliniki ya watoto, aliingia jirani yetu wa Kisarawe, Mama Zuhura, amebeba mjukuu wake. Aliponiona kwenye cherehani alipiga ukelele, akakaa chini puu! "Lailaha illallah! Tatu, si ulikufa wewe?"

Nikadhani ananitania. Wapi! Alinieleza kwamba mdogo wangu Mwajuma alipoposwa na watu wa Magindu, washenga waliuliza habari za dada yake kiwete, maana hawakutaka kuingiza ulemavu kwenye ukoo wao. Baba akawajibu kwamba ulemavu wangu uliletwa na homa, si wa kuzaliwa, na kwamba nimefariki na nimezikwa huku huku Kibaha. Ili waamini, akaandaa hitima. Watu wakaja, wakasoma, wakala pilau. Hitima yangu! Na mimi niko hapa napima wateja viuno...

Nikamuuliza, na mama je? Akainamisha kichwa. Mama alikaa ndani amejitanda khanga, anapokea rambirambi.

Jamani, mama aliyenizaa!

Kesho yake nikaenda Kisarawe. Baba alikuwa barazani anamenya mihogo. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Hakuitikia. Alichungulia njiani kwanza, aone nani ameniona. Mama akatoka mbio, akanishika mkono. Nilidhani anataka kunikumbatia, kumbe ananiingiza ndani anifiche!

Huko ndani nilimkuta Mwajuma. Alikuja kujifungulia kwa mama, na mtoto wake mchanga alikuwa kitandani, ameviringishwa khanga kuanzia shingoni mpaka chini, na joto lote lile! Mwajuma aliponiona akazidi kumfunika. Nikashtuka. Nikaifungua ile khanga mwenyewe.

Nyayo zangu! Zile zile, zimepinda kwa ndani...

Nikasahau habari za hitima. Nikamwambia Mwajuma kwamba mtoto bado laini, kituoni wanamnyoosha kwa plasta ngumu za miguuni wanazobadilisha kila wiki, na nimeona kwa macho yangu watoto wakiondoka pale wanakimbia. Tumpeleke kesho! Akatikisa kichwa huku analia. Akasema mumewe na wakwe walikuwa hawajaiona ile miguu. Wakiiona wataanza kuuliza maswali, na mwisho wake ni talaka. Nikamuuliza, sasa utamfunika mpaka lini? Mpaka aolewe?

Baba akaingia, kisu cha mihogo bado kiko mkononi. "Wewe ulishakufa," akaniambia. "Usituletee balaa hapa."

Mnasikia? Mtoto mchanga, hajui hili wala lile, anaandaliwa maisha yangu ili babu yake asiumbuke!

Nikashika magongo yangu nikatoka. Ningefungua mdomo ningemtukana. Nilirudi Kibaha, na asubuhi nikashika njia ya Magindu, kwa mama mkwe wa Mwajuma. Nilimkuta anapepeta mahindi. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, mimi ndiye dada yake Mwajuma. Yule marehemu." Nikamwaga yote, mpaka ya miguu ya mtoto.

Akaacha kupepeta. Nikajua hapa natimuliwa. Akaweka ungo chini. "Mjukuu wangu analetwa huko kwenu wiki hii hii," akasema. "Hayo mengine mimi na baba yako tutaonana."

Na kweli wakamleta, yeye na mwanawe, mume wa Mwajuma. Plasta zimeisha, sasa mtoto anavaa viatu maalumu, na nyayo zinakanyaga chini vizuri. Ndoa ipo, ila imepoa. Shemeji anasema miguu ya mwanawe haimsumbui hata kidogo, kinachomkereketa ni kudanganywa. Mwajuma akija kliniki ananipita kama hanijui. Baba amenipiga marufuku kukanyaga kwake, na mama hajatuma hata salamu. Inauma... Lakini ningenyamaza, ningekuwa na tofauti gani na wao?

Nyie wazazi mnaosoma haya, nawaomba, na nawaomba kwa hasira. Mtoto akizaliwa na kasoro mtoeni nje! Mpelekeni kwenye matibabu angali mchanga, mifupa haisubiri mpaka aibu yenu iishe. Na mkija kuulizwa habari zake, semeni kweli. Mchumba atakayekimbia kwa sababu hiyo, mwacheni akimbie, tena mfungulieni mlango.

Na wewe mama, najua kusoma hujui, lakini kuna mtu atakusomea. Sijakusamehe. Ila njoo.